UZI: Lord of the Rings, The Hobbit, Harry Potter, Narnia. Ipi imesimama, ipi imeyumba, na kwa nini? Njoo na vipimo, mahaba acha mlangoni

Mkono wa Fundi

Wakuu, mijadala ya filamu za fantasia huwa inaishia kwenye "naipenda" na "hiyo ya watoto". Hapa tujaribu njia nyingine: anayesifu au kuponda aseme kilifanyika nini, lini, na kimeonekanaje kwenye picha.

Naanza. Msimamo wangu ni kwamba hatima ya mfululizo wa filamu huamuliwa kabla kamera haijawashwa. Skripti imekamilika? Mafundi wamepewa muda gani? Hadithi inajulikana itaishia wapi? Ushahidi mzuri ni kulinganisha The Lord of the Rings na The Hobbit, kwa sababu vitu vingi ni vile vile: mwongozaji Peter Jackson, nchi New Zealand, karakana ya Weta, mtunzi wa muziki Howard Shore, hata mchawi Gandalf ni Ian McKellen yule yule.

Lord of the Rings: karakana ilifanya kazi kwa miaka kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, Oktoba 1999. Kijiji cha Hobbiton kule Matamata kilianza kujengwa Machi 1999 kwa msaada wa jeshi la New Zealand, bustani zikapandwa na kuachwa zikue. Kwa hiyo kamera ilipofika Desemba, ua ulikuwa ua kweli na majani yalikuwa yamezoea ukuta. Filamu tatu zikapigwa kwa mkupuo mmoja, siku 274, hadi Desemba 2000. Kisha kila filamu ikapata karibu mwaka wake wa kuhaririwa, na waigizaji wakarudishwa 2001, 2002 na 2003 kuziba mapengo.

The Hobbit: Guillermo del Toro, aliyekuwa amefanya maandalizi yake mwenyewe, alijitoa Mei 2010. Jackson akachukua usukani, na Machi 2011 kamera zikaanza kuzunguka. Ulikuwa mradi wa filamu mbili. Julai 2012, upigaji picha mkuu ulipokuwa umeshamalizika, ndipo ikatangazwa kuwa zitakuwa tatu. Yaani nguo imeshonwa, halafu mteja anataka mikono mitatu.

Karibuni.

Jicho la Tatu

Nakazia kwa hesabu. Lord of the Rings ina sura 62 (12+10+11+10+10+9). Filamu zilizoonyeshwa kwenye kumbi ni dakika 178, 179 na 201, jumla 558. Hiyo ni dakika 9 kwa kila sura.

The Hobbit, kitabu cha 1937, kina sura 19. Filamu ni 169, 161 na 144, jumla 474. Dakika 25 kwa sura.

Ndiyo maana kule unaona mambo yanasukumana na huku mbilikimo wanaimba, wanaosha vyombo, wanabingirika ndani ya mapipa mpaka unaangalia saa. Na angalia mkato ulipoangukia: filamu ya pili inaisha joka Smaug akiwa angani kuelekea Ziwani, ya tatu inafunguka na joka linauawa dakika za mwanzo kabisa. Kilele cha filamu ya pili kimegeuka kuwa utangulizi wa ya tatu. Wangebaki kwenye mbili, tukio hilo lingekaa mahali pake.

Mwanafasihi

Jicho la Tatu, kipimo chako kina tundu. Sura hazilingani urefu, na idadi ya dakika kwa sura hailetei filamu ubaya peke yake. Mfano: Harry Potter ya kwanza, sura 17, dakika 152, karibu 9 kwa sura, sawa kabisa na kiwango chako. Ya tatu, Prisoner of Azkaban, sura 22 kwa dakika 142, kama 6 na nusu. Kwa hesabu yako, ile ya kwanza ingetakiwa kuwa bora. Lakini ya kwanza imekuwa mtumwa wa kitabu: inatoka tukio hadi tukio kama anayesoma orodha ya sokoni. Alfonso Cuarón kwenye ya tatu alikata sana, akaacha picha ifanye kazi. Ule mti wa Whomping Willow unaobadilisha majira ni sekunde chache tu, na umeeleza kupita kwa muda kuliko kurasa kadhaa. Aliwaacha wanafunzi wavae nguo zao za kawaida kila mmoja kwa mtindo wake, akatumia lenzi pana na kamera inayotembea bila kukata, na akatoa mandhari ya nje kuyapeleka Glen Coe, Uskoti, ili shule ipate milima na mvua.

Alipokata vibaya? Ile ramani ya kichawi inayoonyesha kila mtu alipo shuleni. Filamu haisemi kokote kwamba walioitengeneza ni Lupin, Pettigrew, Sirius na babake Harry. Mtazamaji asiyesoma kitabu hajui Lupin aliijuaje, wala kwa nini paa anayeokoa watu ziwani ana uzito. Sentensi mbili zingetosha.

Mkono wa Fundi

Nakubali kipimo cha sura ni cha kukadiria tu. Kinanisaidia kuona mahali pa kuchunguza, hakitoi hukumu.

Kamera Moja

Ngoja nizungumzie kitu ambacho watu hulaumu "kompyuta" bila kujua chanzo.

Lord of the Rings nayo ilijaa kompyuta: picha za athari 540 kwenye ya kwanza, 799 kwenye ya pili, 1,488 kwenye ya tatu. Tofauti ni zilichanganywa na nini. Mji wa Minas Tirith ni modeli iliyojengwa kwa mkono kwa kipimo cha 1 kwa 72. Helm's Deep ilikuwa na modeli pia, pamoja na kuta kubwa zilizojengwa kwenye machimbo ya mawe karibu na Wellington, ambako walipiga picha usiku kwa zaidi ya miezi mitatu. Jicho likishaona jiwe halisi mbele, linakubali askari wa kompyuta kule nyuma.

Sasa urefu wa Hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hii kama Frodo na Bilbo. Ukubwa wa kitu kwenye picha hupungua kadiri kinavyokuwa mbali. Ukitaka Frodo aonekane asilimia 60 ya Gandalf na waigizaji wanalingana urefu, Gandalf akiwa mita 2 kutoka kwenye lenzi, Frodo anawekwa kama mita 3.3. Meza inakatwa vipande viwili vya ukubwa tofauti, kikombe cha huku kidogo, cha kule kikubwa, mistari ikutane kwenye lenzi. Mambo matatu huharibu:

Moja, macho. Gandalf hatakiwi kumtazama Frodo alipo kweli, anatazama alama iliyowekwa mahali Frodo "anapoonekana".

Mbili, ukali wa picha. Wote wawili lazima wawe wazi, kwa hiyo tundu la lenzi linabanwa, na taa zinaongezwa sana.

Tatu, kamera ikisogea tu, siri inafichuka, maana kilicho karibu kinahama haraka kuliko kilicho mbali. Dawa yao: kiti cha Frodo na kipande chake cha meza viliwekwa kwenye jukwaa lenye mota linalosogea kwa kufuata kamera. Chai ya nyumbani kwa Bilbo ndiyo mfano wake.

Kwa picha za mbali na za mgongoni walitumia mbadala mfupi. Mmoja wao ni Kiran Shah, mzaliwa wa Nairobi, 1956, mwenye urefu wa sentimita 126.3, na Guinness walimtambua kuwa mwigizaji mfupi zaidi wa matukio ya hatari. Mara nyingi ukimwona Frodo kwa mbali akipanda mlima, ni yeye. Sura yake utaiona kwenye Narnia ya 2005: ndiye Ginarrbrik, dereva wa kigari cha Mchawi Mweupe.

The Hobbit ilipigwa kwa 3D. Lenzi mbili, kama macho mawili, zinapima umbali. Ule ujanja wa mita 2 na 3.3 unakufa papo hapo, kwa sababu mtazamaji anaona wazi kwamba Frodo, au hapa Bilbo, yuko nyuma. Wakalazimika kutenganisha: mbilikimo 13 kwenye seti moja, Gandalf peke yake kwenye chumba cha kijani, kamera mbili zikienda sambamba. McKellen alikuwa anaongea na picha za wenzake zilizobandikwa juu ya vyuma, na amesimulia hadharani jinsi alivyovunjika moyo siku hizo. 

Pwani Kwetu

Kiran Shah wa Nairobi! Hili sikuwahi kuliona kwenye majarida ya huku. Shukrani mkuu.

Nakala Halisi

Kamera Moja ameacha nusu ya ugonjwa: fremu 48.

Filamu ya kawaida ni fremu (picha) 24 kwa sekunde, shata (kizibo cha mwanga cha kamera) nyuzi 180, kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu 1/48 ya sekunde. The Hobbit walipiga fremu 48 na shata nyuzi 270, yaani 1/64. Walichagua 270 makusudi: ukitupa fremu moja kati ya mbili ili upate toleo la 24 kwa kumbi za kawaida, ukungu wa mwendo unabaki karibu na uliozoeleka. Wangeweka 180 kwenye fremu 48 wangepata 1/96, na toleo la 24 lingekuwa linarukaruka.

Matokeo kwenye ukumbi wa 48: mwendo safi mno, 3D haichoshi macho, lakini kila kitu kinakuwa wazi kupita kiasi. Gundi ya pua ya bandia inaonekana. Upanga unaonekana mwepesi. Wengi walisema inafanana na tamthilia ya televisheni, na hawakukosea, kwani televisheni imezoeza macho yetu na mwendo wa picha nyingi kwa sekunde.

Ongeza mtambo wenyewe: kamera mbili za RED Epic kwa kila pembe, moja ikipiga kupitia kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu na nyingine ikipokea taswira inayoakisiwa na kioo hicho. Mwanga umepotea kwenye kioo, umepotea kwenye shata, kwa hiyo seti inajazwa taa. Rangi nazo zilififia, ngozi ikatoka ya njano, hivyo mapodozi na kuta vikapakwa rangi kali kuliko kawaida ili virudi sawa baadaye. Ule mng'ao kama wa asali unaolalamikiwa kwenye filamu ya kwanza huenda umetokana na safari hiyo ndefu ya kusahihisha.

Mkono wa Fundi

Na haya yote yangetatulika kwa majaribio. Majaribio yanataka miezi. Azog, adui mkuu wa mbilikimo, alishapigwa picha na mwigizaji aliyevaa sura ya bandia, kisha akatupwa na kutengenezwa upya kwa kompyuta. Vita vya Majeshi Matano Jackson mwenyewe ameeleza kwenye video za utengenezaji kwamba hakuwa na mpango wake tayari, akasitisha, vikapigwa baadaye. Tauriel, mwelfi wa kike asiyekuwamo kitabuni, naye: mwigizaji wake Evangeline Lilly amesema alikubali kwa sharti kwamba hakutakuwa na mapenzi ya watu watatu, kisha alipoitwa kurudia matukio 2012 akakuta yameingizwa. Filamu ya tatu ilihitaji kujazwa.

Mwanafasihi

Haya, lakini msiifanye Lord of the Rings kuwa msahafu. Kasoro zake nazijua na ni za skripti, hazina uhusiano na muda wa maandalizi.

Jeshi la wafu. Kwenye kitabu wafu kazi yao inaishia kwenye bandari ya Pelargir: wanawatisha maharamia, wanaachiliwa, na Aragorn anafika Minas Tirith na watu hai wa kusini mwa Gondor. Kwenye filamu wanafika wenyewe, wanafagia uwanja mzima kama povu la kijani. Sasa jiulize mfalme Théoden alikufa kwa ajili gani? Angechelewa kwa saa mbili angekuta kazi imeisha.

Frodo kumfukuza Sam kwenye ngazi za Cirith Ungol, kwa ajili ya makombo ya mkate. Haipo kitabuni, na inamfanya Frodo aonekane mjinga mahali alipotakiwa kuonekana amechoka.

Mchawi msaliti Saruman. Mwigizaji wake Christopher Lee alikatwa kabisa kwenye Return of the King ya kumbi. Mtazamaji anaambiwa tu hana nguvu tena, yuko mnarani, twendeni. Toleo refu ndilo linaloonyesha anavyokufa.

Faramir kumburuta Frodo hadi Osgiliath huwa analaumiwa pia, ila hapo nawatetea. Buibui Shelob alihamishiwa filamu ya tatu, hivyo Frodo angemaliza ya pili bila kilele chochote. Ilibidi watafute kikwazo. Badiliko lenye sababu ya kimuundo nalisamehe. Badiliko la kujaza dakika silisamehi.

Jicho la Tatu

Hapo kwa jeshi la wafu sina ubishi. Tuzo 11 za Oscar kati ya 11 ilizoteuliwa, na bado ile povu ya kijani inauma.

Kamera Moja

Kidogo kuhusu mafuvu: tukio la mafuvu yanayoporomoka kwenye njia ya wafu, Jackson alilipiga baada ya filamu kushinda Oscar 2004, kwa ajili ya toleo refu. Ameshabeba tuzo na bado anapiga filamu ile ile.

Pwani Kwetu

Mbona hamjaipa Harry Potter nafasi yake? Filamu 8, miaka 10, waongozaji wanne (Columbus, Cuarón, Newell, Yates), watunzi wa muziki wanne, Dumbledore wawili kwa sababu Richard Harris alifariki 2002. Kwa nadharia ya Mkono wa Fundi ingesambaratika. Haikusambaratika.

Mkono wa Fundi

Kwa sababu waliobadilika ni wa juu, na waliobaki ni walioshika nyundo. Stuart Craig alibuni seti za zote 8. Steve Kloves aliandika 7, isipokuwa ya tano. Watoto watatu wale wale hadi mwisho. Ukumbi mkubwa wa chakula ulibaki umesimama Leavesden miaka yote.

Lakini tazama palipovuja, utakuta ni pale pale ninaposema: hawakujua mwisho. Filamu ya tano ilitoka Julai 11, 2007. Kitabu cha saba kilitoka Julai 21, 2007. Siku kumi! Walikuwa wanakata vitu bila kujua kipi kitahitajika. Kreacher, mtumishi wa nyumbani kwa akina Sirius, nusura aondolewe, mpaka mwandishi wa vitabu, Rowling, akawaambia wamwache. Kioo cha Sirius hakikuwa na bahati hiyo: kiliachwa, halafu kwenye Deathly Hallows Harry anatokea ameshika kipande cha kioo ambacho hakuna aliyewahi kutuonyesha kimetoka wapi. Na kioo hicho ndicho kinacholeta msaada wa kuwaokoa kwa Malfoy.

Mwanafasihi

Ongeza nyumba ya akina Weasley. Filamu ya sita inaichoma moto, tukio ambalo halipo kitabuni, na ya saba harusi inafanyika hapo hapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati huo huo kumbukumbu za utoto wa Voldemort, ambazo ndizo nguzo za kitabu cha sita, zimepunguzwa hadi mbili tatu.

Nakala Halisi

Fantastic Beasts je, ule mfululizo wa matukio ya kabla ya Harry Potter? Mpango wa filamu tano, zimetoka tatu: 2016 dola milioni 814, 2018 milioni 655, 2022 milioni 407. Mchawi mwovu Grindelwald sura tatu: Farrell akiwa amejificha, Depp, Mikkelsen. Na mwalimu McGonagall: kwenye kitabu cha tano, mwaka 1995, anamwambia Umbridge kwamba Desemba hiyo anatimiza miaka 39 ya kufundisha. Alianza 1956 basi. Filamu ya 2018 inamwonyesha yuko kazini 1927. Mwandishi wa skripti ni Rowling mwenyewe, hivyo hata wa kumlaumu hatuna.

Pwani Kwetu

Narnia basi, kwa kifupi?

Jicho la Tatu

Ya kwanza (2005) milioni 745 kwa bajeti ya 180. Ya pili (2008) ikapewa 225 ikaingiza 419 tu. Iliachiwa Mei, katikati ya Iron Man na Indiana Jones, tofauti na ya kwanza iliyotoka Desemba familia zikiwa likizo. Na ilitiwa giza, shambulio refu la ngome likaongezwa, watoto wakaachwa nyumbani. Disney wakajiondoa, Fox wakaichukua ya tatu, 415, ikaishia hapo. Tilda Swinton, Mchawi Mweupe, peke yake hana doa.

Golden Compass ya 2007 ndiyo somo la kuuza ng'ombe kabla hajazaa: New Line waliuza mapema haki za nchi za nje. Filamu ikaingiza kama milioni 70 Marekani na takriban 300 nje, na hizo za nje hazikuwa zao. Tena sura za mwisho za kitabu zilishapigwa picha, zikakatwa ili filamu iishe kwa furaha. Ilipata Oscar ya athari za picha, muendelezo haukuja.

Pwani Kwetu

Sasa nakala. Nikitaka kuangalia Lord of the Rings kwa ubora, nichukue ipi?

Nakala Halisi

Matoleo marefu ni dakika 208, 223 na 251 bila majina ya wanachama wa mashabiki mwishoni. Kwa mgeni nashauri Fellowship ndefu, Two Towers ndefu, Return of the King yoyote.

Blu-ray ndefu ya 2011: Fellowship ina ukijani, angalia theluji utaona. 4K ya Desemba 2020 imerekebisha, ingawa wamesugua chembe za filamu kiasi kwamba nyuso zingine zinaonekana za nta. Filamu moja iko kwenye diski mbili, ni kawaida, usidhani umeibiwa.

DVD za mfumo wa PAL huenda fremu 25 badala ya 24. Dakika 251 zinakuwa 241, na muziki wa Shore unapanda sauti kidogo. Hakuna kilichokatwa.

Faili za kuchota: angalia ukubwa. Dakika 251 ndani ya MB 700 ni kama megabiti 0.37 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Mapango ya Moria yanageuka masanduku meusi. GB 8 inakupa zaidi ya megabiti 4, hapo giza linasomeka. Zile zenye sauti ya DJ anayetafsiri zinafaa kwa kufuata hadithi, lakini DJ anakaa juu ya muziki, na kwenye filamu hizi muziki unasimulia: wimbo wa Ushirika unasikika mzima wale tisa wakiondoka pamoja, kisha unavunjikavunjika Gandalf akishaanguka.

Televisheni: zima mfumo wa kulainisha mwendo. Samsung huita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Ukiuacha, filamu ya fremu 24 inageuzwa kuwa The Hobbit ya 48.

Pwani Kwetu

Sabtaito zinachelewa, na Kielfi (lugha ya Waelfi) hakitafsiriwi kabisa. Faili ni la GB 9.

Nakala Halisi

Ni matatizo mawili. Kielfi kina njia yake ya sabtaito za lazima, ndogo, zenye mistari ya Kielfi tu. Aliyetengeneza faili lako aliiacha. Tafuta srt (faili la sabtaito) yenye mazungumzo yote, ipe jina lile lile la filamu, weka folda moja.

Kuchelewa: kama zilikuwa sawa kisha zikaruka ghafla kwenye tukio fulani, una srt ya toleo la ukumbini kwenye filamu ndefu. Tupa, tafuta nyingine. Kama kosa linakua taratibu, kama sekunde 2 na nusu kila dakika, ni srt ya fremu 24 kwenye filamu ya 25. Kwenye programu ya VLC nenda Track Synchronization (kuoanisha sauti na sabtaito), badilisha kasi ya sabtaito, maana vitufe vya G na H vinasogeza zote kwa pamoja na kosa litarudi baada ya dakika mbili.

Pwani Kwetu

Linakua taratibu. Ni hiyo srt ya fremu 24 kwenye filamu ya 25.

Nakala Halisi

Basi weka kasi 1.043 badala ya 1. Ikizidi kuharibika, umegeuza upande: jaribu 0.959.